Reki Ilitangulia Kisu

Historia ya mashine za shambani, kama inavyosimuliwa vitabuni na katika makumbusho ya Marekani na Uingereza, huanza na kisu. Obed Hussey alipata hataza ya mashine yake ya kuvunia nafaka mwaka 1833, Cyrus McCormick akapata ya kwake mwaka uliofuata, na tangu hapo masimulizi hufuata makali ya chuma shamba kwa shamba mpaka kwenye kombaini. Reki hutajwa kwa sentensi moja, kama chombo cha kufagilia baada ya kazi kwisha. Kwa upande wa nyasi, masimulizi hayo yamekaa kichwa chini miguu juu. Chombo cha kwanza ambacho wakulima wa nyasi wa Marekani walikubali kwa wingi kukifunga nyuma ya farasi kilikuwa reki, miongo miwili na zaidi kabla ya mashine ya kukatia nyasi kuaminika. Na hata baada ya kisu kuwasili, reki ndiyo iliyoendelea kuamua kazi iishe lini, nani aifanye, na ni kitu gani kibaki shambani kwa ajili ya wengine.

Sababu iko katika nyasi zenyewe. Nyasi mbichi ni maji kwa asilimia 75 hadi 80 ya uzito wake. Ili ziwe hei ya kuhifadhiwa ghalani, maji hayo yanatakiwa kushuka hadi chini ya asilimia 20. Zikirundikwa kabla ya hapo, vijidudu na ukungu hufanya kazi humo ndani, joto hupanda, na ghala linaweza kushika moto bila mtu yeyote kuwasha kiberiti. Zikiachwa zikauke kupita kiasi, majani hukatika yanapoguswa na kubaki chini, mfugaji akaenda na mashina. Na kwa mmea kama lusini, protini nyingi imo kwenye majani. Kati ya hatari hizo mbili kuna nafasi finyu, saa chache za mchana katika siku chache za kiangazi, na wingu moja likipita linaweza kuifunga. Sasa tazama kazi mbili zinavyogawana saa hizo. Mkataji mwenye mundu mkubwa wa mpini mrefu aliamka alfajiri, tena alipenda umande, kwa kuwa jani lenye maji hukatika vizuri. Mtu mmoja alimaliza takriban ekari moja kwa siku. Anayekusanya hakuweza kuanza mpaka umande ukauke, na alitakiwa kumaliza kabla haujarudi jioni. Mkataji alikuwa na siku nzima. Mwenye reki alikuwa na kipande cha siku. Ndiyo maana reki za mkono zilihitaji mikono mingi kwa wakati mmoja. Katika mchoro wa Pieter Bruegel wa mwaka 1565 unaoonyesha mavuno ya hei, wanaokuja kukutana na macho ya mtazamaji ni wanawake watatu wakitembea na reki zao mabegani. Mchoraji aliwaweka mbele watu ambao historia ya mashine imewasahau.

Reki za kwanza za farasi nchini Marekani zilikuwa boriti ya mbao yenye meno upande mmoja. Farasi alikokota, boriti ikajaa, mtu akamsimamisha farasi, akainyanyua reki juu ya rundo, akaanza upya. Zilipunguza kazi, lakini kusimama huko kuliua nusu ya faida. Jibu lilipatikana katika miaka ya 1820, na jina linaloambatana nalo zaidi ni la Moses Pennock wa Chester County, Pennsylvania. Reki yake ilikuwa ya kuzunguka. Boriti ilitobolewa, na meno ya mbao yakapitishwa ndani yake hadi yakatokeza pande zote mbili, mbele na nyuma. Farasi alifungwa kwa kamba kwenye ncha mbili za boriti. Mtu alitembea nyuma ameshika mikono miwili ya mbao kama anayelima kwa plau. Meno ya mbele yaliteleza chini ya nyasi yakiwa yamelala karibu na udongo, nyasi zikajazana juu yake. Reki ilipojaa, mtu aliinua mikono kidogo tu. Ncha za meno ya mbele zilichoma ardhi na kukwama, farasi akaendelea kuvuta, na boriti nzima ikapinduka na kuliacha rundo nyuma. Meno yaliyokuwa nyuma yakawa ya mbele, kazi ikaendelea. Farasi hakusimama hata hatua moja. Nguvu ya kumwaga mzigo ilitoka kwa farasi yuleyule na ardhi ileile, bila gurudumu la meno, bila mkanda, bila springi. Kwa wanaopenda ufundi, huu ni mmoja wa ubunifu safi kabisa wa karne ile, nao ulitengenezwa kwa vipande vya mbao ambavyo seremala yeyote wa kijijini angeweza kuvichonga upya vikivunjika.

Chester County hiyohiyo ina ushahidi mwingine usiotajwa sana. Mwaka 1822 mkazi wake mwingine, Jeremiah Bailey, alipewa hataza ya mashine ya kukatia nyasi ya kukokotwa na farasi, yenye kisu cha mviringo kilichozungushwa na mwendo wa gurudumu. Kwa hiyo eneo moja, miaka ileile, wakulima walewale waliletewa kisu na reki. Kisu cha Bailey hakikuenea. Reki ya kuzunguka ilienea Pennsylvania, New York na New England, na magazeti ya kilimo ya wakati huo yaliisifu kwamba mtu mmoja na farasi mmoja hufanya kazi ya watu kadhaa wenye reki za mkono. Huwezi kudai kwamba wakulima wa Pennsylvania walipuuza kukata kwa sababu ya ujinga au ushamba, kwa maana waliochagua reki walikuwa wakichagua kwa macho mawili. Kukata kwa mashine kulihitaji kasi: makali yaende haraka kuliko farasi anavyotembea, jambo lililodai gia za chuma ambazo mafundi wa wakati ule hawakuweza kuzitengeneza ziwe imara na za bei nafuu. Kukusanya kulihitaji mwendo wa farasi tu, kama ulivyo. Kazi iliyoanza kupewa wanyama ni ile ambayo mwendo wao uliifaa bila kubadilishwa.

Pingamizi la kwanza analoweza kuleta msomaji makini ni hili: reki hukusanya kilichokatwa, kwa hiyo bila mashine ya kukatia reki haina kazi kubwa, umuhimu wake lazima ulikuja baadaye, kwa mgongo wa kisu. Tarehe zinakataa. Mashine ya kukatia nyasi iliyofanikiwa kwanza kibiashara Marekani ni ya William Ketchum wa Buffalo, aliyepata hataza mwaka 1847, na zile zenye magurudumu mawili na mkono wa kisu unaokunjika, ambazo wakulima walizipenda kweli, zilienea katika nusu ya pili ya miaka ya 1850. Sensa ya Marekani ya mwaka 1850 ilihesabu karibu tani milioni 14 za hei. Karibu yote hiyo ilikatwa kwa mikono. Reki ya farasi, basi, ilikwisha kufanya kazi kwa robo karne nyuma ya mundu, ikiwawezesha watu wachache kukata zaidi kwa kujua kwamba kilicholala chini kitaondolewa kabla ya mvua. Kabla ya hapo mkulima mwenye busara hakuthubutu kukata zaidi ya kile ambacho familia yake na vibarua wake wangeweza kukikusanya kwa mchana mmoja. Uwezo wa kukusanya ndio uliowekea mpaka uwezo wa kukata, na mashine ya Ketchum ilipokuja ilikuta mpaka huo umekwisha kusogezwa.

Haja ya hei nayo haikuwa ndogo. Mji wa karne ya 19 uliendeshwa na farasi, na farasi huendeshwa na hei na shayiri. Mabasi ya farasi, mikokoteni ya bandarini, magari ya zima moto, yote yalikula. Marobota yaliyoshindiliwa kwa mashinikizo ya mbao yalisafiri kwa mashua kuteremka mto Hudson hadi New York, na kwa meli kutoka Maine kwenda bandari za kusini. Idadi ya farasi na nyumbu nchini Marekani iliendelea kupanda hadi ikapita milioni 25 kuelekea mwaka 1920, yaani reli na injini za mvuke ziliwaongeza badala ya kuwapunguza, kwa kuwa kila mzigo ulioteremshwa kituoni ulihitaji mkokoteni wa kuufikisha dukani. Mwaka 1880 sensa ilihesabu hei tani milioni 35 hivi. Sehemu ya ongezeko hilo ni kazi ya kisu, sina haja ya kulikana. Lakini kila tani ilipita kwenye meno ya reki kabla ya kupata bei.

Reki iliyoibeba kazi hiyo haikuwa tena ya mbao. Kuanzia katikati ya karne, meno ya chuma yaliyopinda kama mbavu, kila moja likinesa peke yake, yaliwekwa kwenye ekseli kati ya magurudumu mawili makubwa, na juu yake kikawekwa kiti. Ardhi isiyo sawa, iliyokuwa ikivunja meno ya mbao, haikuwa tena kikwazo kikubwa, kwani jino lililokutana na jiwe lilinyanyuka lenyewe na mengine yakaendelea. Mwendeshaji alikanyaga pedali au kuvuta mkono, meno yote yakainuka, rundo likabaki. Ustadi ulikuwa katika kukanyaga mahali palepale kila safari, ili marundo ya mpito huu yaungane na ya mpito uliopita, na mwisho wa siku shamba liwe na matuta marefu yaliyonyooka ambayo gari la mizigo lingeyafuata. Aliyechelewa kukanyaga kwa pumzi moja aliacha tuta lililopinda, na waliokuja nyuma na uma za kupakilia walimjua kwa jina. Kazi hii haikuhitaji misuli. Alihitajika mtu mwepesi anayeweza kumwelekeza farasi mpole, kwa hiyo kiti cha reki kikawa mahali pa watoto wakubwa, wasichana na wazee. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 vilipowachukua wanaume, mashamba ya kaskazini yaliendelea kuvuna kwa sababu kazi nyingi zilikwisha kuwa za kuketi. Ripoti ya Kamishna wa Kazi wa Marekani ya mwaka 1898, iliyolinganisha kazi ya mikono na ya mashine, ilikadiria kwamba kuvuna tani moja ya hei kulichukua saa 21 hivi za kazi ya binadamu mwaka 1850, na mwaka 1895 saa 4 hivi. Hesabu hiyo inajumuisha hatua zote. Msomaji aliyezoea masimulizi ya kisu ataipa mashine ya kukatia sifa yote, lakini kukata kulikuwa hatua moja tu. Kugeuza, kukusanya na kupakia ndiko kulikokula saa za watu wengi.

Hapa kuna pingamizi la pili, nalo ni zito kuliko la kwanza, maana halibishi umuhimu wa reki bali linauliza gharama yake ilimwangukia nani. Uingereza ndipo jibu linapoonekana wazi, na si kwenye nyasi bali kwenye mashamba ya ngano na shayiri yaliyokwisha kuvunwa. Kwa karne nyingi maskini wa vijiji vya Uingereza, hasa wanawake na watoto, waliingia mashambani baada ya mavuno kuokota masuke yaliyobaki. Msomaji wa Biblia anamfahamu Ruthu nyuma ya wavunaji wa Boazi, na sheria ya Walawi iliyomkataza mwenye shamba kuvuna hadi pembeni. Familia nyingi zilipata hivyo unga wa majira ya baridi. Mwaka 1788, katika kesi ya mwenye ardhi James Steel dhidi ya Mary Houghton wa Timworth, Suffolk, mahakama iliamua kwamba hakuna haki ya kisheria ya kuokota. Ni hisani tu. Uamuzi huo haukukomesha desturi. Vijiji viliendelea kuokota karne nzima ya 19, kwa kuwa mwenye shamba aliyewafukuza majirani zake alijiletea uadui usio na faida. Reki ilifanya kimyakimya kile ambacho mahakama haikuweza. Mkulima alipopitisha reki pana ya farasi juu ya mabua, alikusanya mwenyewe yale masuke ambayo zamani kuyaokota kwa mikono ya vibarua kungemgharimu kuliko thamani yake. Katika maeneo mengi palikuwa na utaratibu uliokubalika na pande zote: mganda mmoja uliachwa umesimama katikati ya shamba, na kadiri ulivyosimama hapo hakuna aliyeruhusiwa kuingia. Ulipoondolewa, waokotaji waliingia. Kati ya kusimama kwa mganda na kuondolewa kwake, reki ilipita.

Mtu anaweza kusema kwamba kilichopotea hapo si kikubwa, na kwamba reki ilizuia tu upotevu. Kwa mtazamo wa ghala ni kweli. Lakini neno upotevu lina mwenyewe: masuke yaliyoachwa shambani hayakuwa yamepotea mpaka alipopatikana mtu wa kuyadai. Kila chombo kinachopunguza gharama ya kukusanya mabaki hubadilisha mabaki kuwa mali, na mali hutafuta mmiliki. Kisu hakiwezi kufanya hivyo. Kisu hugawanya kilichosimama, ambacho mwenyewe alikwisha kujulikana. Reki hugawanya kilicholala, ambacho umiliki wake ulikuwa wa mapatano. Kwa hiyo hata anayeihukumu reki kwa ukali kwa ajili ya wanawake wa Suffolk anakuwa ameunga mkono hoja kwamba haikuwa chombo kidogo.

Kuna lawama nyingine ya wakati ule ambayo lazima ikubaliwe bila kujitetea sana. Reki ya mkono ilichukua nyasi safi. Reki ya kukokotwa, hasa ya chuma, ilichukua pia vumbi, mawe madogo, samadi kavu na mabua ya mwaka jana, vyote vikaingia ghalani na midomoni mwa farasi. Wafugaji wa farasi wa kifahari waliendelea kulalamikia hei yenye vumbi, na walikuwa na haki, kwani vumbi na ukungu huharibu mapafu ya farasi. Dawa ilikuwa kuinua meno kidogo na kuacha baadhi ya nyasi chini. Wengi hawakuipenda dawa hiyo.

Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ya 20 ilienea reki ya aina nyingine, inayosukuma nyasi pembeni mfululizo badala ya kuzirundika na kuzimwaga. Hapa ndipo reki ilipoanza kuziamuru mashine nyingine. Tuta linalotokana na kumwaga lina mafundo na mapengo. Tuta la pembeni ni kamba moja isiyokatika, nyepesi, yenye hewa ndani, majani yakiwa yameelekea katikati ambako jua kali haliyafikii. Mashine ya kupakia hei kwenye gari, na baadaye mashine ya kufunga marobota inayotembea na kuokota, ile iliyoenea Marekani kuanzia miaka ya 1940, zote zilisanifiwa kumeza kamba hiyo. Upana wa mdomo wa mashine ya kufunga, kasi ya trekta, uzito wa robota, vyote hutegemea tuta lilivyotengenezwa. Mwendesha mashine ya marobota anayekuta tuta bovu hana la kufanya ila kupunguza mwendo na kunung'unika.

Trekta ilipochukua nafasi ya farasi, ingetarajiwa kwamba reki nayo ingepewa injini. Nyingi zilipewa nguvu kutoka kwenye shafti ya trekta, ni kweli, na zile kubwa za kuzunguka za Ulaya ya leo zote ziko hivyo. Lakini ubunifu uliosisimua zaidi baada ya Vita Kuu ya Pili ulirudi kwenye wazo la Pennock, kwamba ardhi itoshe. Nchini Uholanzi, ndugu wa familia ya Van der Lely walianzisha kampuni yao mwaka 1948 kwa reki ya magurudumu yenye vidole: duara kadhaa za waya zilizopangwa kwa mshazari, zinazogusa ardhi na kuzungushwa na mguso huo tu, kila moja ikiipasia jirani yake nyasi mpaka zifike pembeni. Haina gia wala mkanda, na unaweza kuikokota kwa kasi. Urahisi huo ulifika mpaka kwenye Baraza la Malodi la Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1960, pale Van der Lely waliposhtaki kampuni ya Bamfords ya Uttoxeter kwa kuiga hataza yao. Swali moja lilikuwa kama picha ya reki iliyochapishwa mapema gazetini ilikwisha kuufichua uvumbuzi huo. Malodi wa sheria wakaketi kujadili mhandisi anayeitazama picha ile angeona nini: je, angetambua kwamba magurudumu yanazungushwa na ardhi, wala si na gia zilizofichika? Waliona angetambua, na dai hilo la hataza likaanguka. Swali la pili lilikuwa la kuchekesha kidogo. Hataza ilieleza kuyahamisha magurudumu ya nyuma yaletwe mbele ili reki igeuke chombo cha kutandaza nyasi. Bamfords waliyahamisha ya mbele yakapelekwa nyuma. Wengi wa majaji walisema huko si kuiga, Lord Reid akapinga. Wanasheria wa hataza bado huisoma kesi hiyo, wengi wao bila kuwahi kuona reki.

Kwenye bustani za nyasi historia ilikwenda kinyume, na huko hoja yangu inapata mpaka wake. Edwin Budding wa Stroud alibuni mashine ya kukatia nyasi za bustani mwaka 1830, na muda mfupi baadaye kampuni ya Shanks ya Arbroath, Scotland, ikatengeneza kubwa ya kukokotwa na farasi mdogo, aliyevalishwa viatu vya ngozi ili kwato zisiache alama. Bustanini kisu kilitangulia, kwa sababu nyasi zake hazikuwa chakula cha mtu yeyote na mvua haikuwa na cha kuharibu. Reki ya kukokotwa ilifika kwa wingi baadaye sana, pale Wamarekani walipohamia viungani mwa miji na kununua viwanja vya ekari moja, mbili, tano. International Harvester, kampuni iliyorithi biashara ya McCormick, ilileta trekta ndogo ya Cub Cadet mwaka 1961, John Deere ikaleta yake, namba 110, mwaka 1963. Aliyekwisha nunua trekta alitafuta cha kuifungia nyuma. Akauziwa reki: fremu ya chuma, safu mbili za meno ya springi, na sinia juu ya fremu lisilo na kazi nyingine ila kuwekewa matofali ya saruji ili meno yakandamize. Meno hayo huchokonoa tabaka la nyasi mfu lililojipanga kati ya majani na udongo na kuzuia maji kupenya, au hukusanya majani ya miti wakati wa vuli, sindano za misonobari na vijiti vilivyoangushwa na upepo. Kwenye malisho hufanya kazi hiyohiyo kwa upana zaidi. Chombo ni kilekile cha 1850 kilichopunguzwa, lakini kinachokusanywa sasa hutupwa. Ndiyo maana hapa reki ina wapinzani wenye hoja nzuri: watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan wamekuwa wakionyesha tangu miaka ya 1990 kwamba majani ya miti yakisagwa na mashine ya kukatia na kuachwa palepale huoza na kurutubisha nyasi, na wataalamu hukubali kwamba tabaka la nyasi mfu lisilozidi sentimita moja lina faida kuliko hasara. Pale ambapo hakuna saa za kugombania, reki inakuwa suala la macho ya jirani.

Afrika Mashariki inaleta pingamizi la mwisho, na huenda ndilo gumu zaidi. Kwenye mashamba makubwa ya hei ya Kenya, ya nyasi za Boma Rhodes hasa, mpangilio ni wa kawaida: trekta ya kukata, trekta ya reki, trekta ya marobota. Kwa mfugaji mdogo wa ng'ombe wa maziwa mambo ni tofauti. Huyu hukata kwa panga, kwa fyekeo, au siku hizi kwa mashine ya petroli inayobebwa begani, na hufunga robota lake kwenye sanduku la mbao kwa kushindilia na miguu. Katikati ya kisu chenye injini na sanduku hilo kuna reki ya mkono, au uma, au mikono mitupu, mara nyingi ya wanawake. Kisu kimetangulia, tena kwa mbali, ingawa punda na maksai wapo na reki ya Pennock ingeweza kuchongwa na fundi yeyote wa plau. Je, hii haivunji hoja? Ingeivunja kama hoja ingekuwa kwamba reki hutangulia kila mahali. Ilitangulia Pennsylvania kwa sababu mbili zilizokutana: vibarua walikuwa ghali na saa za ukavu zilikuwa chache. Hapa mashamba ni madogo, mikono haijawa ghali, na mfugaji ana njia nyingine ya kukwepa mbio: anaziacha nyasi zisimame mpaka mvua ziishe kabisa na jua lizikaushe zikiwa zimesimama, kisha anakata na kukusanya bila haraka. Anachopoteza ni protini, kwani nyasi zilizokwisha toa mbegu na kugeuka manjano ni mabua kuliko chakula, na ng'ombe humwonyesha hilo kwenye ndoo ya maziwa. Anayetaka hei bora lazima akate mapema, nyasi zinapoanza tu kuchanua, na katika nyanda za juu wakati huo mara nyingi mvua za masika hazijaisha. Akikata siku hiyo, anarudi palepale walipokuwa wakulima wa Chester County, na jua la kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni, na ekari nzima imelala chini ikingoja.